Bei ya Kuondoka

Mapema mwaka 1922 Glenn Warner, ambaye Wamarekani walimzoea kwa jina la Pop, alikubali kwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Kikwazo kilikuwa kimoja. Mkataba wake na Chuo Kikuu cha Pittsburgh ulikuwa bado na misimu miwili. Warner hakuuvunja. Alituma wasaidizi wawili, Andy Kerr na Tiny Thornhill, wakatangulie kuiandaa timu ya Stanford, naye akabaki Pittsburgh akafundisha msimu wa 1922 na ule wa 1923 hadi karatasi ilipofika mwisho wake. Ndipo akahamia magharibi.

Ninaanza na Warner kwa sababu leo kisa chake kinasikika kama cha kubuni. Hakuna kocha mkubwa wa vyuo vya Marekani ambaye sasa angengojewa miaka miwili, na hakuna chuo ambacho kingetaka kumngoja. Kati ya zama zake na zetu kilizaliwa kipengele kimoja cha mkataba, fidia ya kuvunja mkataba, ambacho kiliwekwa ili kulinda ahadi na kikaishia kuipangia bei.

Mpira ninaouzungumzia ni ule wa Kimarekani, wa helmeti na mpira wenye umbo la yai. Kwetu ni vigumu kuamini kwamba timu ya wanafunzi inaweza kujaza uwanja wenye viti zaidi ya 100,000, lakini ndivyo ilivyo Michigan, Alabama, Texas na kwingineko. Katika majimbo mengi hakuna timu ya kulipwa karibu. Chuo ndicho timu ya jimbo, na kocha wa chuo hulipwa zaidi kuliko gavana.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo, ingawa dalili zilionekana mapema. Mwaka 1903 Clemson ya South Carolina, ikiongozwa na John Heisman, iliichapa Georgia Tech 73 kwa 0. Waliofedheheshwa hawakusubiri kulipiza uwanjani, bali walimwendea yule aliyewafedhehesha. Walimpa dola 2,250 kwa mwaka na asilimia 30 ya mapato ya mlangoni, na mwaka 1904 akawa kocha wao. Heisman, ambaye jina lake ndilo linalobebwa na tuzo kubwa kuliko zote za mchezaji wa chuo, alikaa Atlanta hadi 1919. Hata kilichomwondoa huko hakikuwa fedha. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, wakakubaliana na mkewe wasiishi mji mmoja, na mke akachagua kubaki Atlanta.

Chicago walijaribu njia nyingine. Rais wa kwanza wa chuo kikuu chao, William Rainey Harper, alimwajiri Amos Alonzo Stagg kama mwalimu kamili, mwenye cheo cha kitaaluma na ajira ya kudumu kama ya profesa wa historia au kemia. Stagg akafundisha kuanzia 1892 hadi 1932. Kazi yake haikutegemea matokeo ya Jumamosi, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kutazama pembeni. Ninaamini huo ndio uliokuwa mpango bora kuliko yote iliyowahi kubuniwa kwa kazi hii, na hakuna aliyeufuata. Lakini nao haukuwa na huruma, kwani alipofikisha umri wa miaka 70 chuo kilimstaafisha kwa lazima. Mzee huyo akakataa kupumzika, akaenda California kufundisha College of the Pacific kwa misimu mingine 14. Chicago yenyewe ilifuta mpira huo mwaka 1939.

Kocha aliyeweka wazi kabisa utata wa jambo hili alikuwa Paul Bryant, mtoto wa shamba kutoka Arkansas, aliyeitwa Bear, yaani Dubu. Alicheza Alabama miaka ya 1930. Mwaka 1945 alikuwa kocha wa Maryland kwa msimu mmoja tu. Rais wa chuo alimrudisha mchezaji ambaye Bryant alikuwa amemsimamisha na akamfukuza msaidizi wake mmoja bila kumshauri, Bryant akaondoka. Kentucky alikaa misimu minane na kuifikisha mahali ambapo haijafika tena: Januari 1951 vijana wake waliifunga Oklahoma iliyokuwa imeshinda mechi 31 mfululizo. Kisha, mwaka 1954, akaenda Texas A&M, chuo ambacho wakati huo kilikuwa cha kijeshi, cha wanaume watupu, mbali na miji mikubwa.

Kabla ya msimu wa kwanza aliwapeleka wachezaji katika kambi ya Junction, kwenye joto na ukame mkali wa Texas, akawafanyisha mazoezi ya kikatili hadi zaidi ya nusu wakatoroka. Waliobaki walishinda mechi moja tu mwaka huo na kufungwa tisa. Miaka miwili baadaye walikuwa mabingwa wa kanda yao bila kufungwa hata mechi moja. Mwaka 1957 walishinda nane za kwanza na kushika namba moja nchini. Hapo ndipo magazeti yalipoandika kwamba Bryant anarudi Alabama.

Timu ilivunjika moyo mbele ya macho ya watu. Ilifungwa na Rice 7 kwa 6, ikafungwa na Texas 9 kwa 7, ikamaliza kwa kufungwa na Tennessee 3 kwa 0. Pointi sita jumla katika mechi tatu ndizo zilizowatenga na msimu ambao wangeukumbuka maisha yao yote. Bryant alikuwa na mkataba ambao ulikuwa bado na miaka kadhaa. Alipoulizwa sababu, jibu lake lilikuwa kwamba mama amemwita. Alabama ndiyo iliyomlea, na kwa miaka mitatu ilikuwa imeshinda mechi nne tu. Mtoto akiitwa na mama, alisema, huenda.

Ni jibu ambalo msikilizaji wa kwetu hawezi kulibeza. Nani atamlaumu mtu kwa kuitika mwito wa mama? Na kweli, huko alikaa misimu 25, akatwaa ubingwa wa taifa mara sita, akafariki Januari 1983, wiki nne tu baada ya mechi yake ya mwisho. Alabama humtaja kama kielelezo cha uaminifu. Wale vijana wa Junction waliobaki kambini wenzao wakitoroka, wale ambao hawakuwa na mama mwingine wa kumkimbilia, huwa hawatajwi katika hesabu hiyo. Utiifu mmoja ulilipwa kwa kuvunja mwingine, na kuuita uaminifu au usaliti hutegemea mtu alikuwa amesimama upande gani wa mpaka wa Texas.

Kisheria A&M ingeweza kufanya nini? Karibu hakuna. Mahakama za nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza hazimlazimishi mtu kutumikia kazi asiyoitaka, maana hilo linakaribia utumwa. Kinachoweza kufanywa ni kumzuia asiitumikie kazi nyingine. Silaha hiyo ilitumiwa katika mpira mwishoni mwa 1978. Chuck Fairbanks, kocha wa timu ya kulipwa ya New England Patriots, alikuwa na mkataba unaoendelea pale alipokubaliana kwa siri na Chuo Kikuu cha Colorado. Mmiliki wa Patriots alimsimamisha kabla ya mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, akaenda mahakamani, na mwaka 1979 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba Colorado izuiwe kumwajiri. Shauri likaisha kwa suluhu. Wafadhili wa Colorado walilipa dola 200,000 na Fairbanks akaachiliwa. Katika misimu mitatu huko alishinda mechi saba tu.

Hizo dola 200,000 ndizo zilizofungua mlango. Kila mwanasheria wa chuo alielewa kwamba kocha hawezi kufungwa kwa kamba ya sheria, lakini anayemtaka anaweza kulipishwa.

Januari 1982 A&M, chuo kilekile kilichoachwa na Bryant, kiliingia sokoni na mfuko wazi. Kwanza kilimwendea Bo Schembechler wa Michigan na ahadi ya takriban dola milioni 3 kwa miaka 10. Alikataa. Tom Monaghan, mwenye kampuni ya piza ya Domino's, alimzawadia duka la piza kwa kubaki. A&M wakamgeukia Jackie Sherrill wa Pittsburgh, ambaye ujana wake alichezea Alabama chini ya Bryant, wakampa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 1.7. Walimu wa vyuo kote nchini walipiga kelele kwamba hakuna profesa anayelipwa hata nusu ya hizo. Walikuwa na haki, na hakuna aliyewasikiliza.

Hapa lazima niseme neno kuhusu waliobaki, kwa sababu kukaa sana kumepewa sifa zisizochujwa. Joe Paterno wa Penn State alikataa fedha za New England mwanzoni mwa 1973, akawa kocha mkuu kwa misimu 46, na taifa zima likamtolea mfano. Novemba 2011 alifutwa kazi siku chache baada ya aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, Jerry Sandusky, kushtakiwa kwa kuwadhalilisha watoto kingono. Mtu aliyekaa mahali pamoja nusu karne anakuwa mkubwa kuliko ofisi zinazopaswa kumhoji. Uaminifu kwa taasisi unaweza kugeuka pazia, na nyuma ya pazia lile waliumia watoto.

Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hakina haki ya kuhodhi matangazo ya televisheni ya mechi za vyuo. Kila kanda ikawa huru kuuza mechi zake yenyewe. Fedha zilizoingia hazikuweza kwenda kwa wachezaji, kwa kuwa kanuni ziliwatambua kama wanafunzi wa ridhaa. Zikaenda kwenye viwanja, kumbi za mazoezi na makocha. Katikati ya miaka ya 1990 walianza kuonekana makocha wa kulipwa dola milioni 1 kwa mwaka. Asiyeelewa kwa nini mishahara ya makocha ilipanda kwa kasi kuliko kitu kingine chochote chuoni aanzie hapo. Kulikuwa na mtu mmoja tu uwanjani aliyeruhusiwa kulipwa.

Kesi iliyokipa kipengele cha fidia uhalali wake ilitoka Nashville, Tennessee. Vanderbilt ni chuo chenye hadhi kubwa ya kitaaluma na timu ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ya kufungwa. Desemba 1990 kilimwajiri Gerry DiNardo kwa miaka mitano. Mkataba ulitamka kwamba ahadi yake ya kukaa muda wote ndiyo kiini cha makubaliano, kwa sababu chuo kilihitaji uthabiti. Akiondoka kabla ya wakati, atalipa kiasi kinacholingana na mshahara wake halisi wa miaka iliyobaki. Vanderbilt nayo ikimfukuza, itamlipa yeye. Baadaye mkataba ukaongezwa muda. Mwishoni mwa 1994 LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, kilimwita, naye akaenda bila kulipa.

Vanderbilt ikamshtaki. DiNardo alijitetea kwamba kipengele hicho ni adhabu, na sheria hairuhusu mtu kumwadhibu mwenzake kupitia mkataba. Inaruhusu fidia tu, yaani makadirio ya haki ya hasara. Mahakama ya kwanza iliipa Vanderbilt dola 281,886.43. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kipengele ni halali, ingawa ilirudisha chini suala la ile nyongeza ya mkataba ili lisikilizwe upya. Ninaona hoja ya majaji ilikuwa ya busara. Kocha akiondoka, chuo hakipotezi gharama ya kumtafuta mwingine tu. Kinapoteza wanunuzi wa tiketi, ari ya wahitimu wanaochangia, na mambo mengine ambayo hayapimiki kirahisi, ndiyo maana watu wazima wawili wanaruhusiwa kuyapangia bei mapema.

Mwaka huohuo wa hukumu, Novemba, LSU ilimfungashia DiNardo virago. Aliyemrithi alikuwa Nick Saban, aliyeletwa kutoka Michigan State kwa dola milioni 1.2 kwa mwaka. Saban aliwapa ubingwa wa 2003, akaenda Miami kufundisha timu ya kulipwa, na tarehe 21 Desemba 2006 akawaambia waandishi wa habari kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Siku 13 baadaye alikuwa kocha wa Alabama, kwa miaka 8 na dola milioni 32. Alitwaa mataji sita huko. Maneno yale ya Desemba hayajasahaulika hadi leo, lakini hayakumgharimu hata senti, kwa sababu hayakuwa katika mkataba wowote.

Nafasi hiyo ya Alabama ilikuwa imekwisha kumgongea mlango mtu mwingine, na kisa chake ndicho kinachonigusa kuliko vyote. Rich Rodriguez alikulia Grant Town, West Virginia, kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Alijiunga na timu ya chuo kikuu cha jimbo lake bila ufadhili, akajitafutia namba kwa jasho. Mwaka 2001 alirudi kama kocha mkuu. West Virginia ni jimbo la milima, maskini, ambalo vijana wake wamezoea kuondoka kutafuta kazi kwingine. Mtu aliyeondoka akarudi, na kurudi kwake kukaleta ushindi, hakuwa kocha tu machoni pa watu wale. Desemba 2006 alipoikataa Alabama, walishangilia kama waliotwaa kombe. Majira ya kiangazi yaliyofuata, Agosti 2007, alisaini mkataba uliorekebishwa wenye fidia ya dola milioni 4 iwapo angeondoka ndani ya mwaka wa kwanza.

Tarehe 1 Desemba 2007 West Virginia ilikuwa ya pili nchini. Ilibaki mechi moja, nyumbani Morgantown, dhidi ya jirani na hasimu wa miaka mingi, Pittsburgh, ambayo msimu huo ilikuwa dhaifu. Ikishinda, inacheza fainali ya ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza kwa mfumo ule. Pat White, aliyekuwa moyo wa mashambulizi, aliteguka kidole gumba. Pittsburgh ilishinda 13 kwa 9. Wiki mbili baadaye Rodriguez alikutana na viongozi wa Michigan huko Toledo, Ohio, na tarehe 16 Desemba aliwaambia wachezaji wake kwamba anaondoka.

Chuo kilimfungulia kesi siku 11 baadaye. Rodriguez alidai kwamba aliahidiwa mambo ambayo hayakutimizwa na kwamba fidia ile ilikuwa ya kumkomoa. Kwa miezi kadhaa jimbo zima lilikuwa kama familia iliyopelekana mahakamani kwa sababu ya urithi. Julai 2008 walipatana, milioni 4 zote zikalipwa: Michigan ilitoa milioni 2.5, yeye milioni 1.5 kwa awamu tatu. Timu aliyoiacha, chini ya msaidizi Bill Stewart, ilikuwa imekwisha kuishinda Oklahoma 48 kwa 28 Januari ile bila yeye.

Michigan hakupata amani. Alishinda mechi 15 na kufungwa 22 katika misimu mitatu, akafutwa kazi Januari 2011, na chuo kikalazimika kumlipa milioni 2.5 aondoke. Kiasi kilichotolewa kumleta ndicho kilichotolewa kumtoa. Akapitia Arizona, akaanza upya katika chuo kidogo cha Jacksonville State, Alabama, na Desemba 2024 West Virginia ikamwita arudi. Miaka 17 ilikuwa imepita. Wapo waliosema hawatamsamehe, na wapo waliofurahi, na mimi nawaelewa wote wawili. Deni la milioni 4 lilikuwa limelipwa hadi senti ya mwisho zamani sana. Kilichokuwa kinadaiwa hakikuwahi kuwa hizo milioni.

Wakati haya yote yakitokea, kulikuwa na kundi jingine chuoni ambalo utiifu wake haukuachwa kwenye dhamiri wala kwenye bei. Mchezaji aliyesaini alisaini na chuo, si na kocha, hata kama kocha ndiye aliyeketi sebuleni kwa wazazi wake na kuwaahidi kumlea mtoto wao. Kocha alipohama, mchezaji alibaki. Naye akitaka kuhama, kanuni ilimtaka akae nje msimu mzima bila kucheza. Mwaka 2010 Lane Kiffin aliiacha Tennessee baada ya msimu mmoja tu na kwenda Chuo Kikuu cha Kusini mwa California; wanafunzi walichoma magodoro barabarani usiku ule, na yeye msimu uliofuata alikuwa uwanjani akifundisha. Vijana aliowasajili, kama wangemfuata, wangekaa benchi. Ilichukua hadi Aprili 2021 kwa NCAA kuruhusu kila mchezaji ahame mara moja bila adhabu, na hadi 2024 kuondoa kikomo hicho. Walioshutumu uhuru huo kwa sauti kubwa zaidi, wakisema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu, walikuwa makocha.

Turudi Texas. Mwishoni mwa 2017 A&M ilimchukua Jimbo Fisher kutoka Florida State, ambako alitwaa ubingwa wa 2013. Mkataba ulikuwa wa miaka 10, dola milioni 75, zote za uhakika hata akifukuzwa. Alikabidhiwa ngao ya ubingwa wa taifa iliyoachwa nafasi tupu mahali pa mwaka, waje waujaze. Mwaka 2020 timu ilifungwa mechi moja tu, na chuo, kikiogopa LSU isimchukue, kikaongeza mkataba hadi 2031 kwa mshahara mkubwa zaidi. Mwaka 2022 timu ilishinda tano na kufungwa saba. Tarehe 12 Novemba 2023, siku moja baada ya kushinda 51 kwa 10, Fisher alifutwa kazi, na A&M ikabaki na deni la takriban dola milioni 76. Mkataba haukumtaka atafute kazi nyingine ili kulipunguza. Atalipwa kila mwaka hadi 2031 hata akikaa nyumbani, na nafasi ile kwenye ngao ingali tupu.

Tangu Bryant alipowaachia msimu mikononi, A&M hawakuogopa kitu kama kuachwa. Hofu hiyo ndiyo iliyoandika mkataba wa Fisher. Kamba waliyoisuka ili asitoroke iliwafunga wao, na wenzao waliitazama kisha wakasuka ya kwao. Scott Woodward, mkurugenzi wa michezo aliyemwajiri Fisher, alihamia LSU mwaka 2019. Novemba 2021 alimchukua Brian Kelly kutoka Notre Dame kwa miaka 10 na zaidi ya dola milioni 95. Kelly aliwaaga vijana wake kwa kikao cha dakika chache asubuhi na mapema, wakati ambapo bado walikuwa na nafasi ya kugombea ubingwa. Oktoba 2025 LSU ilimfukuza, na mkataba ukadai takriban milioni 54. Gavana wa Louisiana akalalamika hadharani, Woodward naye akaondoka siku chache baadaye. Mwezi huohuo Penn State ilimfuta James Franklin kwa deni la karibu milioni 49, ila kwa mkataba wake deni lilipunguzwa na mshahara wa kazi mpya, na alipokubaliwa Virginia Tech pande mbili zikapatana kwa milioni 9. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya 9 hizo na 76 za Fisher ni sentensi moja katika karatasi, ambayo wanasheria wa kocha waliipigania na wa chuo wakaiachia.

Kwa nafasi ya Kelly, LSU ilimtaka Kiffin, ambaye wakati huo alikuwa Mississippi na timu iliyoshinda mechi 11 kati ya 12. Tarehe 30 Novemba 2025 alikubali. Aliomba aachwe aongoze timu katika hatua za mwisho za kugombea ubingwa kabla ya kwenda. Chuo kilikataa, kikampa timu msaidizi wake, Pete Golding. Naona walifanya sawa. Hakuna jinsi mtu mmoja angelala na mpango wa timu mbili zinazopigania wachezaji walewale.

Juni 2025 jaji wa shirikisho aliidhinisha suluhu inayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mchezo huu fedha za televisheni ziliwafikia wenye kuvunjika mifupa, na nilifurahi kama walivyofurahi wengi. Mikataba ya wachezaji ilipoanza kuandikwa, walioiandika walikuwa wameshajifunza kwa makocha. Kabla mwaka haujaisha, chama cha michezo cha Chuo Kikuu cha Georgia kilikwenda mahakamani kumdai kijana aliyehamia Missouri dola 390,000, kwa hoja kwamba alivunja mkataba kabla ya muda wake na kwamba hizo ndizo fidia iliyokubaliwa mapema kwa hasara isiyopimika. Ni hoja ileile ya Vanderbilt dhidi ya DiNardo. Kocha wa Georgia mwaka huo alilipwa zaidi ya dola milioni 10, na aliyedaiwa ni mwanafunzi.